Kiota Chenye Joto

Kiota kilikuwa na joto. Mpima ardhi alikitoa kwenye buti la gari pamoja na koni za msonobari, mabua makavu na maganda ya mbegu aliyookota njiani akitoka kazini, na viganja vyake vikaihisi tofauti kabla akili haijaitambua. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na buti lile lilivuja. Vitu vingine vyote vilikuwa vya baridi, vimelowa. Kiota peke yake kilikuwa na joto la yai lililotolewa chini ya kuku muda uleule.

Alikigeuza, akaingiza kidole kwenye mlango wake wa chini, kama mkewe alivyokuwa akifanya kila Desemba kuhakikisha kwamba hamna kinda wala mdudu. Kidole kikakuta manyoya mawili na utupu. Alisimama kidogo palepale kwenye mvua. Kisha akajiambia kwamba nyasi zinazoanza kuoza hutoa joto, jambo alilolisoma chuoni na ambalo ni kweli, akafunga buti, akaingia ndani.

Alikuwa amekiokota jana yake, siku ya jua, kwenye kiwanja kilichoachwa, alikopelekwa kuweka alama za mipaka. Nyumba ya hapo ilikuwa imebaki kuta tu. Katikati ya chumba ambacho zamani kilikuwa sebule uliota mti, na kwenye mti huo vilining'inia viota vya mnana, vingi kama matunda, bila ndege hata mmoja. Vibarua wake walikwenda kula chakula chao mbali, juani, wakauacha ule uvuli. Hawakusema kwa nini, naye hakuuliza. Kiota kimoja kilianguka mbele ya miguu yake wakati hewa imetulia kabisa, naye akaona ni bahati, kwa sababu marehemu mkewe hakupenda kuchuma kitu ambacho bado kimeshikilia tawi. Alitaka vilivyoanguka vyenyewe.

Mapambo ya Krismasi ya nyumba ile hayakuwahi kununuliwa dukani. Kila mwaka walisimamisha tawi kavu ndani ya ndoo ya mchanga, wakalitundikia vitu vya kuokota, na kila mtu wa nyumba alikuwa na kimoja kilicho chake. Cha baba kilikuwa koni ya msonobari. Cha binti mkubwa kilikuwa nyota ya mabua. Cha binti mdogo, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, kilikuwa ganda la konokono lililopakwa chokaa. Cha mama kilikuwa kiota. Hakuna aliyejitundikia mwenyewe. Mwingine alikutundikia chako, na alipokuwa akifunga uzi alikuambia: nafasi yako ipo. Mkewe ndiye aliyeyaanzisha maneno hayo, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, walipokuwa na chumba kimoja na kiti kimoja. Yalianza kama mzaha juu ya kile kiti.

Sasa ilikuwa Krismasi ya kwanza tangu wamzike.

"Shemeji, umetuletea takataka za nchi nzima," alisema Mama Mdogo, mdogo wa marehemu, aliyehamia pale kusaidia watoto. Alikuwa ameshatandaza magazeti mezani na kukoroga gundi ya unga wa ngano. "Mengine haya ukiyaacha usiku yatatembea."

"Okota zako basi."

"Mimi? Mgongo wangu huu? Mimi ni wa kukosoa."

Kitinda alicheka, na kwa muda kazi ikaenda vizuri. Koni zilizofumba kwa unyevu waliziweka karibu na jiko mpaka zikafunguka moja moja kwa mlio mdogo wa kukatika. Binti mkubwa aliloweka mabua ili yasipasuke, akayachana kwa wembe, akayapiga pasi juu ya kitambaa mpaka yakawa bapa na yakang'aa kama shaba. Kitinda alisaga chaki, akaichanganya na maji, akampaka konokono wake na mikono yake mpaka viwiko.

"Na hiki cha nani?" aliuliza mtoto, akionyesha kiota.

Kila mtu pale mezani alijua ni cha nani, na Kitinda alijua pia. Binti mkubwa aliweka wembe chini.

"Baba, mwaka huu tungekiacha tu."

"Tuache nini?"

"Cha Mama."

Mpima alikuwa anapitisha uzi kwenye kiota na hakuinua macho. Mama Mdogo alipangusa gundi vidoleni taratibu. "Mwacheni baba yenu," alisema. "Moyo wake ukitaka kutundika, atundike. Ila shemeji, yale maneno usiyaseme. Funga uzi kimya kimya, basi."

"Kwa nini?"

"Sijui kwa nini. Mwili umenisisimka, ndiyo maana nasema."

"Ni mazoea ya nyumba tu. Na aliyeyaanzisha ni yeye."

Akainuka, akakitundika upande wa dirishani, mahali ambapo kila mwaka kilitundikwa cha mkewe. Alifunga fundo. Na kwa sauti ileile ya miaka yote, akimwita kama alivyomwita mbele za watu, akasema, "Mama watoto, nafasi yako ipo."

Dirisha lilikuwa limefungwa. Kiota kikajizungusha polepole, duara moja zima, kikasimama pale kilipoanzia.

"Kaitika," alisema Kitinda.

"Nani kaitika?" aliuliza Mama Mdogo, na mzaha wote ukawa umemtoka sautini.

Mtoto aliwatazama kama watu wasiosikia vizuri. "Kwani hamkumsikia?"

Asubuhi yake walikuta nyota mpya kwenye tawi. Ilikuwa imesukwa kwa mabua ya mabaki, yale yaliyokuwa yametupwa kwenye pipa la taka, na ilikuwa nzuri kuliko nyota yoyote aliyowahi kutengeneza binti mkubwa. Ncha zake zote zilikuwa sawa. Mama Mdogo alianza kumsifu, binti akakataa.

"Sijaigusa, haki ya Mungu."

"Usinitanie asubuhi yote hii, mtoto wewe."

"Mama Mdogo, mimi siwezi kufunga fundo lile. Angalia."

Walitazama. Uzi ulipita chini mara mbili, kisha ncha yake ikafichwa katikati ya mabua isionekane. Marehemu alikuwa akifunga hivyo kila kitu, vifungo vya mashati na mifuko ya sukari. Mpima aliichukua ile nyota mkononi. Alichohisi kilikuwa furaha, furaha kubwa iliyomtia aibu, na kwa kuwa alikuwa mtu asiyependa kuonyesha, alitoka nje kwenda kuangalia mafuta ya gari ambayo alikuwa ameshayaangalia.

Tangu siku hiyo, kila giza lilipoanza kuingia na kabla taa hazijawashwa, ilisikika sauti ndogo kutoka sebuleni: bua likivutwa taratibu kati ya vidole, likakunjwa, halafu uzi ukikatwa kwa meno. Ukiingia, kimya. Kulikuwa na harufu pia. Kwanza ilikuwa ya mafuta ya mikono ambayo marehemu alikuwa akipaka kabla ya kulala, na mpima aliivuta mpaka kifua kikauma. Lakini chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ambayo ilichukua muda kuitambua kwa sababu haikuwa na sababu ya kuwa ndani ya nyumba: harufu ya chokaa iliyolowa, mavi ya ndege, na ukuta usio na paa.

Mabua ya mabaki yalipokwisha, kilichokuwa kinatengeneza mapambo kikatafuta vitu vingine. Mama Mdogo ndiye aliyeona kitanzi kidogo cheusi karibu na koni, kimesukwa kwa ustadi. Alikigusa, akaurudisha mkono haraka. Zilikuwa nywele za binti mkubwa, zile zinazobaki kwenye kitana. Baadaye lilionekana shada la vipande vya kucha, vimetungwa uzi kama shanga, kila kipande mwezi mwembamba. Kisha ndani ya ganda la konokono la Kitinda likakutwa jino la utotoni, la Kitinda mwenyewe, ambalo baba yake alilihifadhi kwenye kiberiti ndani ya droo yenye kufuli, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake.

"Shemeji, litoe tawi hilo nje," alisema Mama Mdogo kwa kunong'ona, ingawa walikuwa jikoni na mlango umefungwa.

"Ni Krismasi. Watoto wamelitengeneza."

"Watoto hawakutengeneza kucha. Kuna mkunga anayejua mambo haya, nimwite."

"Ngoja kidogo."

"Unangoja nini?"

Jibu lilikuwa la aibu. Alikuwa ameanza kurudi mapema kutoka kazini. Alikuwa akiketi sebuleni ile saa ya giza changa, karibu na tawi, na kuzungumza. Mwanzoni alizungumza peke yake: habari za ofisini, ada za shule, jirani aliyehamisha uzio wake mita nzima akidhani mpima ardhi hataona. Kisha akaanza habari za zamani, na siku moja kitu kikamjibu. Ilikuwa sauti nyembamba, ya upepo kupita kwenye nyasi, lakini ilikuwa na mkato wa mkewe, ule wa kumalizia neno kama anayefunga mlango taratibu.

"Unakumbuka kile kiti?" aliuliza mpima.

"Kiti kimoja," kilisema kiota.

"Wewe unakaa, mimi nasimama."

"Mimi nakaa, wewe unasimama. Nafasi yangu ipo."

"Ipo," alisema, na machozi yakamtoka, akainuka kwenda bafuni, akafungua bomba ili watoto wasimsikie.

Binti mkubwa ndiye aliyevunja jambo hilo. Alimsubiri baba yake kwenye gari, kwa kuwa nje ndipo mahali pekee alipoona salama kusema.

"Baba, ule wimbo wa kulala wa Mama. Unajua Kitinda anavyouimba?"

"Anaongeza paka."

"Anaongeza paka. Mama alikuwa anamcheka, anamwambia humu hamna paka. Hakumwimbia paka hata siku moja. Jana kile kitu kilikuwa kinamwimbia, nikasimama mlangoni. Paka yumo."

Mpima alitazama mikono yake juu ya usukani. "Labda amemwekea ili kumfurahisha."

"Baba."

"Nimesikia."

"Hujasikia. Kinajua tunayoyasema sisi. Tangu kilipoingia. Hakijui kingine chochote. Uliwahi kukiuliza kitu ambacho hujakwisha kukiambia?"

Alikumbuka kile kiti. Alikumbuka kwamba habari ya kiti alikuwa ameisimulia mwenyewe, yote, jioni chache kabla ya kujibiwa. Ni makosa ambayo asingemsamehe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: kusoma kipimo alichokiandika mwenyewe na kukiita ushahidi. Alifungua mlango wa gari, akaingia ndani bila kuvua viatu vyenye tope.

Sebule ilikuwa na giza kidogo, umeme ulikuwa umekatika, na Kitinda alikuwa amekaa sakafuni chini ya tawi, miguu ameinyoosha, uso ameuinua kama mtoto anayesubiri kulishwa, na msuko mmoja wa nywele zake haukuwepo, umekatwa sawasawa karibu na ngozi, na ule msuko ulikuwa juu ya tawi, umefungwa kwa fundo la mama yake, bado na ushanga wake wa bluu. Mpima alimnyanyua. Mikono ya mtoto ilikuwa baridi kama chuma, midomo yake imepauka, pumzi yake fupi na ya mbali, na juu ya vichwa vyao kiota kilikuwa kinatoa joto ambalo alilihisi usoni kama mtu aliyefungua tanuri, joto lenye mapigo, linaloongezeka na kupungua, linaloongezeka na kupungua, na kila lilipoongezeka ile mikono midogo shingoni mwake ilizidi kupoa.

"Baba, niweke chini," alinong'ona Kitinda. "Mama anasema ndani pana nafasi ya wawili."

Alimtoa sebuleni akikimbia. "Shemeji! Yule mkunga uliyemtaja!"

"Nimeshamwita," alisema Mama Mdogo, akimfunika mtoto kwa blanketi. "Nimemwita tangu juzi bila ruhusa yako, na unigombeze baadaye. Alikuwa na mzazi. Amesema akimaliza kutoa mtu mmoja atakuja kumtoa mwingine."

Mkunga alifika mchana uliofuata, mvua ikinyesha, na mwavuli uliovunjika mbavu. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, aliyewazalisha nusu ya watu wa mtaa ule, na Kitinda pia alipita mikononi mwake. Alivua viatu mlangoni, akakataa chai.

"Baadaye, nikiwa nimeistahili. Mtoto yuko wapi?"

Walimlaza Kitinda kwenye kochi, kichwa kwenye mapaja ya Mama Mdogo. Mkunga alimshika nyayo, akatikisa kichwa. Kisha akalisogelea tawi, akaweka kiganja chini ya kiota bila kukigusa, akakiacha hapo kwa muda kama anavyopima tumbo la mama mjamzito.

"Kimeshiba," alisema. "Nani alikikaribisha?"

"Mimi," alisema mpima.

"Kwa maneno gani?"

Akamwambia. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho na hakumlaumu.

"Nyumba yako ilikuwa na shimo la mtu, mwanangu, na wewe ukasimama mbele ya jini ukasema nafasi ipo. Hakuvunja mlango. Ndiyo sababu siwezi kumfukuza mimi. Nikimwambia toka, ataniuliza mimi nani. Utasema wewe, na utasema kama ulivyosema siku ile, neno kwa neno, isipokuwa kwamba nafasi hakuna."

"Nimwite mama watoto?"

"Ulimkaribisha kwa jina hilo."

"Basi nitakuwa namwambia mke wangu."

"Ndiyo."

"Na kama anasikia?"

"Kama anasikia, anajua kwa nini." Mkunga alimtazama kidogo. "Huwezi, eh? Moyo wako bado unasema labda ni yeye. Na ukisema ukiwa na labda ndani yake, hatoki. Basi tumpime kwanza, wewe si mtu wa vipimo? Muulize kitu alichokijua mkeo, ambacho hakijatamkwa ndani ya nyumba hii tangu msiba. Usiniambie mimi. Usimwambie mtu. Kaa nacho, umuulize tu."

Mpima alikuwa nacho. Lilikuwa jina. Mkewe alimwita kwa jina hilo wakiwa wawili tu, tangu enzi za kiti kimoja, na hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua. Hata hospitalini, siku za mwisho, alingoja muuguzi atoke ndipo amwite. Tangu afe, mpima hakuwa amelitamka, kwa sababu halikuwa jina la yeye kulitamka. Ilikuwa kazi ya yule mwingine.

Alisimama mbele ya tawi. "Mama watoto," alisema. "Ulikuwa unaniita nani?"

Mvua ilipiga bati. Kiota kikaanza kuzunguka.

"Baba Kitinda," kikasema, kwa mkato wa mkewe.

"Hapana."

"Mume wangu."

"Hapana."

"Shemeji," kikasema, na sasa ilikuwa sauti ya Mama Mdogo, naye pale kochini akaziba mdomo wake kwa mikono miwili. "Baba," kwa sauti ya binti mkubwa, "Baba, nisikilize," kisha "Bwana mpima," kwa sauti ya jirani wa uzio, kisha "mwanangu," kwa sauti ya mkunga mwenyewe, ambaye alikuwa ameingia humo muda mfupi tu uliopita, na majina yakaanza kuja haraka, yakipandana, kila jina ambalo mtu yeyote alikuwa amemwitia ndani ya zile kuta, kwa sauti ya kila aliyeyatamka, hata matangazo ya redio, hata muadhini na muuza mboga waliosikika kupitia dirishani, na nywele zilizosukwa zikatikisika na kucha zikagongana kwa mlio wa meno yanayotetemeka, na Kitinda, macho amefumba, akaanza kutamka majina yale yale pamoja na kiota, midomo yake ikienda sambamba, mpaka yakaisha, yakaisha yote, na kitu kile, kwa kukosa jingine, kikalia.

Kililia kwa kilio cha mwanamume. Kilikuwa cha kubanwa, cha kumezwa katikati, na nyuma yake kulikuwa na sauti ya bomba la maji lililo wazi. Mpima alikitambua. Kilikuwa kilio chake mwenyewe.

Hapo ile labda ikamtoka. Aliweka mkono kwenye tawi ili asianguke, akasema kwa sauti ileile ya miaka yote, "Mama watoto, nafasi yako hakuna."

Uzi ukakatika. Kiota kilianguka sakafuni kwa kishindo cha kitu kizito, kama mtu aliyeangusha mfuko wa mchanga, na mkunga, kwa wepesi ambao hakuna mtu angeutegemea, akakifunika kwa sufuria, akasukuma mfuniko kwa chini, akaigeuza na kuifunga kwa kitambaa chake cha kichwani. Kochini Kitinda alikohoa, akafungua macho, akasema anasikia njaa. Mama Mdogo alimshika mikono, kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Ina joto," alisema. "Shemeji, njoo uone, mikono ina joto."

Mkunga alikunywa chai yake kwa haraka, sufuria ikiwa katikati ya miguu yake. Alikusanya nyota za mabua ya mabaki, nywele, kucha, jino na ule msuko, akavichoma jikoni mwenyewe. Tawi aliliacha. Alisema halina kosa.

"Nitakirudisha kwenye ule mti kabla jua halijazama," alimwambia mpima langoni, chini ya mwavuli uliovunjika. "Sasa sikiliza. Huyu ameonja nyumba. Atapita tena, kama mchuuzi anavyopita penye mteja wake wa zamani. Atabisha. Atakuwa nje, na nje hana nguvu, ila msimwitikie na msimfungulie. Mtamjua kwa sababu atakosea. Lile jina ulilonalo ndilo kipimo chako. Maadamu liko kwako peke yako, hawezi kukudanganya. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kalale, mwanangu. Unatisha kuliko yeye."

Akaondoka taratibu kwenye barabara ya matope, sufuria ameikumbatia tumboni. Mpima alibaki langoni. Nyuma yake, ndani, alisikia Kitinda akidai mkate na binti mkubwa akimcheka, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika nyumbani mle tangu mazishi. Alikuwa amemwambia mkewe kwamba hana nafasi. Maneno yalikuwa bado mdomoni mwake, na alihisi haja ya kuyasafisha kwa kitu kingine, au kuhakikisha kwamba kile kitu kingine bado kipo na hakijachukuliwa pamoja na vingine. Mvua ilikuwa nyingi. Mkunga alikuwa ameshafika karibu na kona. Mpima alifungua mdomo na kulitamka lile jina, mara moja, chini chini, kama mtu anayegusa mfuko kuona kama ufunguo umo.

Kule konani mkunga akasimama, akaishika sufuria vizuri zaidi, kama iliyotaka kumponyoka. Kisha akapotea.

Kesho yake Krismasi ilipopambazuka, mpima alikuwa ameamka kabla ya wote. Alisimama sebuleni akilitazama tawi: koni, nyota, konokono, na upande wa dirishani pahali patupu, ambapo Mama Mdogo alitaka waweke hata ua na yeye akakataa. Nje kulikuwa na ukungu na hakuna jogoo aliyekuwa amewika. Ndipo mlango ukagongwa, kwa kidole kimoja, taratibu.

Alikwenda mlangoni. Harufu ya mafuta ya mikono ilikuwa imepita chini ya mlango. Alisubiri akosee.

Sauti ikamwita. Ilimwita kwa lile jina, chini chini, kama asemavyo mtu anayejua kwamba muuguzi ametoka.

Mkono wa mpima ulikuwa kwenye komeo, naye hakukumbuka kuupeleka hapo. Alijua alilitamka jana. Alijua alilitamka wapi, mvua ilikuwa kiasi gani, na umbali kutoka langoni mpaka kona, kwa sababu umbali ndiyo kazi yake. Alijua pia kwamba kama mkewe angepewa asubuhi moja ya kurudi, angekuja hivyo, kabla watoto hawajaamka, na angemwita hivyo. Hapakuwa na kipimo kingine. Alikuwa nacho kimoja, na alikuwa amekitoa mwenyewe.

"Baba?" Binti mkubwa alikuwa amesimama kwenye korido, amemshika Kitinda mkono. Macho yake yalikuwa kwenye komeo. "Nani huyo?"

Sauti iliita tena.

"Nani, Baba?" aliuliza Kitinda.

Aliondoa mkono kwenye komeo, kidole kimoja kimoja. "Si mtu tunayemjua," alisema.

Akaegemeza mgongo mlangoni, akawaambia watoto waende wakamwamshe Mama Mdogo, wawashe jiko. Nyuma yake sauti iliendelea kuita mpaka jua likatoka. Haikubisha tena wala haikulia. Ilirudia jina tu, na kila ilipolirudia ililitamka vizuri zaidi, mpaka akashindwa kukumbuka kama liliwahi kutamkwa na mwingine.